Kitabu cha Babu: Je, Ni Chapa ya Kwanza?

Katika nyumba nyingi za vijijini mwetu mna sanduku la vitabu vya wazee. Humo mna Misali ya zamani, Katekisimu isiyo na jalada, vitabu vya shule, na pengine kitabu kimoja au viwili vya Kiingereza ambavyo babu alivinunua alipokuwa mwalimu. Mchwa huvila, watoto huvichana, na muuza karanga huvichukua kwa kilo apate karatasi za kufungia bidhaa yake. Tena siku moja huja mtu kutoka mjini, huvifunua kimoja kimoja, hutazama kurasa za mwanzo tu, halafu husema, "Hivi vinawajazia nafasi bure, nitawaondolea." Hutoa noti chache, akaenda zake na kitabu kimoja kwapani.

Je, mtu huyo alitafuta nini katika zile kurasa za mwanzo? Hapana shaka alitafuta kama kitabu kile ni chapa ya kwanza. Wako watu duniani wanaokusanya vitabu kama wengine wanavyokusanya stempu, nao hupenda zaidi nakala zilizotoka kwanza kabisa. Mambo wanayoyatazama si siri wala si uganga. Ajuaye kusoma aweza kujifunza kuyatazama, na ndiyo sababu nimeona yafaa kuyaeleza hapa.

KWA NINI IWE YA KWANZA?

Sababu ya kwanza ni uchache. Kampuni haijui kama kitabu kipya kitanunuliwa, kwa hiyo huanza na nakala chache. Kikipendwa, ndipo huongeza maelfu.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ukweli wa maneno. Chukua mfano wa kitabu cha Charles Darwin, Mwingereza, kiitwacho On the Origin of Species, kilichozusha ubishi mkubwa juu ya asili ya viumbe. Kilitolewa London na John Murray tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250, bei shilingi 15 za Kiingereza. Nakala zile ziliagizwa zote upesi, na mwezi Januari 1860 likatoka toleo la pili, nakala 3,000. Lakini ndani yake Darwin alikuwa amekwisha kubadili maneno. Katika sentensi ya mwisho ya kitabu kizima aliongeza kumtaja Muumba, ambaye katika toleo la kwanza hakutajwa mahali pale. Basi mtu atakaye kujua Darwin alisema nini kwanza, na aligeuza nini baada ya kusikia watu, hana budi kuyaweka matoleo yote mawili mezani. Toleo la kwanza ni shahidi, na shahidi hawezi kubadilishwa na mwingine aliyekuja baadaye.

TOLEO NA CHAPA

Hapa wengi huchanganya, basi tuende polepole. Zamani wapiga chapa walipanga herufi za risasi, wakapiga nakala, tuseme 1,000. Zilipokwisha, wakapiga nyingine 1,000 kwa herufi zile zile pasipo kubadili kitu. Hizo za mwanzo ni chapa ya kwanza, za baadaye ni chapa ya pili, na zote ni za toleo la kwanza. Ikiwa mwandishi alisahihisha, akaongeza sura, na herufi zikapangwa upya, hilo ni toleo la pili.

Siku hizi herufi za risasi zimeachwa karibu kila mahali, lakini hesabu ni ile ile. Mkusanyaji asemapo anataka "ya kwanza", maana yake ni chapa ya kwanza ya toleo la kwanza. Mwuzaji akikuambia tu, "Hili ni toleo la kwanza," mwulize, "Chapa ya ngapi?"

GEUZA UKURASA WA JINA

Sasa tuingie kazini. Fungua kitabu mpaka ukurasa wenye jina la kitabu, jina la mwandishi, na jina la kampuni iliyokitoa. Usome mbele, kisha geuza usome nyuma yake. Nyuma ya ukurasa huo ndipo penye habari za kuzaliwa kwa kitabu: mwaka, mwenye haki, aliyepiga chapa, na mara nyingi orodha ya miaka kilipopigwa tena.

Lakini angalia sana! Maneno "kimetolewa kwanza mwaka 1958" hayana maana kwamba nakala uliyoishika ni ya mwaka 1958. Mimi ni karani wa parokia, nami nitakueleza kwa mfano wa kazi yangu. Ukija ofisini leo ukaomba cheti cha ubatizo wa mama yako aliyebatizwa mwaka 1958, nitakuandikia cheti kinachotaja mwaka 1958. Ubatizo ni wa 1958, lakini karatasi ni ya leo. Ukitaka kujua umri wa karatasi, usitazame mwaka wa ubatizo, tazama tarehe niliyoiandika chini, karibu na mhuri. Ndivyo vitabu vilivyo.

Mwaka 1958 nimeutaja kwa makusudi. Ndio mwaka kilipotoka kitabu cha Chinua Achebe wa Nigeria, Things Fall Apart, ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni, na ambacho kwa Kiswahili kiliitwa Shujaa Okonkwo. Chapa ya kwanza ilitolewa London na William Heinemann, nakala 2,000 zenye jalada gumu. Mwaka 1962 kilitolewa tena kwa jalada jepesi, kikawa namba 1 katika mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika, African Writers Series. Hicho cha jalada jepesi ndicho kilichoenea katika shule za Afrika, tena kikapigwa mara nyingi mno. Nyuma ya ukurasa wa jina husema kwamba kilitolewa kwanza mwaka 1958. Ni kweli, lakini hicho ni kile cha William Heinemann, si hiki ulichokishika.

Kijana mmoja wa kigango kimoja cha kwetu aliwahi kunijia na kitabu hicho. Alikuwa ameambiwa mjini kwamba ni cha mwaka 1958 na kwamba Wazungu watakinunua kwa mamilioni. Mwenye nacho alitaka fedha nyingi, na kijana alikuwa tayari kutoa ada ya shule ya mdogo wake. Tukasoma pamoja. Jalada lilikuwa jepesi. Chini ya mwaka 1958 palikuwa na safu ya miaka mingine, na wa mwisho ulikuwa 1971. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kitabu ni kizuri, kisome. Lakini ni mtoto wa 1971 aliyetaja mwaka wa kuzaliwa kwa babu yake." Alikirudisha, na ada ikalipwa shuleni.

MSTARI WA TARAKIMU

Katika vitabu vingi vya nusu ya pili ya karne ya 20 na vya siku hizi, hasa vya Uingereza na Marekani, nyuma ya ukurasa wa jina utaona mstari wa tarakimu kama huu: 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Wengi huupita wakidhani ni mapambo. Maana yake ni hii: tarakimu iliyo ndogo kuliko zote ndiyo namba ya chapa. Ikiwapo 1, ni chapa ya kwanza. Kitabu kinapopigwa mara ya pili, 1 huondolewa, na iliyobaki ndogo ni 2. Ukiona mstari unaoishia 7, umeshika chapa ya saba. Wapiga chapa walifanya hivyo kwa kuwa ni rahisi kufuta tarakimu moja kuliko kuandika mstari mpya. Mara nyingine tarakimu hupangwa kwa namna nyingine, mathalani 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2, lakini kanuni haibadiliki: tafuta iliyo ndogo.

Lakini kampuni hazina desturi moja. Random House ya Marekani kwa miaka mingi iliandika maneno "First Edition", yaani toleo la kwanza, pamoja na mstari unaoishia 2. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza, na walipopiga mara ya pili waliyaondoa maneno. Charles Scribner's Sons, nao wa Marekani, tangu mwaka 1930 walitia herufi A peke yake. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye busara hujifunza kwanza desturi ya kampuni, ndipo atoe hukumu.

MAKOSA YANAYOTOA USHAHIDI

Jambo la kuchekesha ni kwamba kosa la mpiga chapa, lililomwudhi mwandishi, ndilo linalomfurahisha mkusanyaji. Kosa hutokea katika chapa ya kwanza, mtu huliona, na katika chapa ya pili husahihishwa. Basi nakala yenye kosa hushuhudia kwamba ilitangulia.

Katika kile kitabu cha Darwin cha 1859, ukurasa wa 20, neno species limeandikwa speceies, limezidishwa herufi moja. Katika kitabu The Hobbit cha J. R. R. Tolkien, Mkatoliki aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Oxford, kilichotolewa mwaka 1937 kwa nakala 1,500, kosa lilikuwa katika ile karatasi inayofunika jalada. Jina Dodgson liliandikwa Dodgeson, na ile e ya katikati ikafutwa kwa kalamu, kwa mkono, nakala baada ya nakala.

Mfano wa karibu zaidi ni kitabu cha watoto Harry Potter and the Philosopher's Stone, kilichotolewa na Bloomsbury ya London mwaka 1997. Chapa ya kwanza yenye jalada gumu ilikuwa nakala 500 tu. Alama zake ni tatu: mstari wa tarakimu unafika 1, nyuma ya ukurasa wa jina mwandishi ameandikwa Joanne Rowling, si J. K. Rowling, na katika ukurasa wa 53, kwenye orodha ya vitu vya shule, fimbo moja imetajwa mara mbili. Mwezi Desemba 2021 nakala moja iliuzwa kwa mnada huko Marekani kwa dola 471,000. Lakini fahamu kwamba alama moja haitoshi. Lazima zote zikubaliane, kama mashahidi barazani.

VITABU VYETU WENYEWE

Pengine unasema, "Hayo ni ya Ulaya." La, vya kwetu navyo vina ukoo wake. Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilitolewa kwanza London na Sheldon Press mwaka 1934. Baadaye kilitolewa na Thomas Nelson. Basi ukiona jina la Nelson katika ukurasa wa jina, hukumu ni nyepesi: si chapa ya kwanza. Kusadikika cha Shaaban Robert kilitolewa kwanza na huyo huyo Thomas Nelson mwaka 1951, lakini kimepigwa mara nyingi tangu hapo, kwa hiyo hapo jina la kampuni peke yake halitoshi. Soma miaka iliyo nyuma ya ukurasa. Nacho Weep Not, Child cha Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o, kilipotoka mwaka 1964, mwandishi alijiita James Ngugi. Nakala yenye jina hilo ni ya miaka ya mwanzo, ila chapa kadhaa zilitoka kwa jina hilo, basi endelea kusoma.

Vitabu vya Kanisa vina alama yao ya pekee. Tazama kurasa za mwanzo, utaona maneno ya Kilatini Nihil obstat, yaani hakuna kizuizi, na Imprimatur, yaani kipigwe chapa, pamoja na jina la Askofu, mahali, na tarehe. Tarehe hiyo ni msaada mkubwa, hasa kwa kitabu kilichopotewa na jalada. Lakini nayo ni kama ule mwaka wa ubatizo: ruhusa iliyotolewa mara moja huweza kuchapwa tena na tena katika chapa za baadaye. Inakuambia kwamba kitabu hakikupigwa kabla ya siku ile. Haikuambii kwamba kilipigwa siku ile.

Tena kuna vitabu vya sehemu mbili. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya Padre Charles Sacleux, wa Mapadre wa Roho Mtakatifu, ilitolewa Paris sehemu ya kwanza mwaka 1939 na ya pili mwaka 1941. Mwenye moja ana nusu ya kazi, basi kabla hujasema hayupo ndugu yake, tafuta chini ya sanduku.

MITEGO

Sasa nitakutajia mitego inayonasa wengi.

Kwanza, uzee si uthibitisho. Jalada lililochakaa na karatasi ya manjano huonyesha moshi na unyevu tu. Kitabu cha miaka 30 kilichowekwa jikoni huonekana kizee kuliko cha miaka 80 kilichowekwa kabatini.

Pili, tazama vitu visivyoweza kuwapo. Nchi yetu ilipata jina la Tanzania mwaka 1964. Kitabu kinachosemwa ni cha 1951, na ndani mna anwani yenye neno Tanzania, hakikupigwa mwaka 1951. Vivyo hivyo ile namba ndefu iitwayo ISBN ilianza kuenea duniani mwaka 1970 hivi, nayo ilikuwa ya tarakimu 10. Ya tarakimu 13 ilianza rasmi Januari 2007. Kitabu chenye ISBN hakiwezi kuwa chapa ya 1958.

Tatu, soma orodha ya vitabu vingine iliyo mwishoni. Ikiwa kitabu kinajiita cha 1962 na orodha yake inataja kitabu kilichoandikwa mwaka 1970, orodha imekisaliti.

Nne, huko Marekani kuna vyama vinavyowatolea wanachama vitabu kwa bei nafuu. Nakala zao hufanana sana na za kwanza, ila mara nyingi ile karatasi ya juu haina bei, na jalada la nyuma huwa na alama ndogo iliyobonyezwa chini pembeni.

Tano, kuna vitabu vilivyopigwa kwa picha ili vifanane na vya kwanza. Mwaka 1964 Chuo Kikuu cha Harvard kilitoa kitabu cha Darwin kwa namna hiyo, ukurasa wa jina na mwaka wake 1859 vikiwa vile vile. Waliotoa hawakudanganya, maana walijitaja. Lakini mwuzaji mwovu aweza kuichana karatasi inayowataja. Kwa hiyo hesabu kurasa za mwanzo, na ukiona pamechanwa, uliza sababu.

THAMANI YAKE

Nisikudanganye, msomaji: vitabu vingi ni chapa ya kwanza na havina bei. Sababu ni rahisi. Kitabu kisichonunuliwa hakipigwi mara ya pili, basi kila nakala yake ni ya kwanza! Bei hutoka pale tu vitu vitatu vinapokutana: kitabu kinatafutwa, nakala ni chache, na hali yake ni njema. Ile karatasi ya juu, ambayo wengi huitupa siku ya kwanza, yaweza kuwa na thamani kuliko kitabu chenyewe.

Kwa hiyo usimkopeshe mtu ndoto, wala usikope kwa sababu ya kitabu. Lakini pia usikubali kitabu kiondoke nyumbani kabla hujakisoma nyuma ya ukurasa wa jina. Andika katika karatasi jina la kitabu, mwandishi, kampuni, mji, mwaka, na namba ya chapa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Akija mnunuzi, mwambie, "Karibu, keti, lakini hatuuzi leo." Mwulize mwalimu, mwulize Padre wa seminari, waulize wenye maktaba. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu maalumu ya vitabu vya Afrika Mashariki, na watu wa hapo wanajua vilivyo adimu.

Wakati huo usikisafishe kwa maji, usikibandike kwa gundi wala plasta, usikiweke juani. Kifunge kwa karatasi safi, kiweke mahali pakavu, mbali na moshi na mchwa. Ukiona katika karatasi ya mwanzo babu aliandika jina lake, au siku walizozaliwa watoto wake, usiyafute maneno hayo ili kupendeza macho ya mnunuzi. Kwa mkusanyaji pengine yatapunguza shilingi kadhaa. Kwa ukoo wenu, maandishi hayo hayana chapa ya pili.

Nawe ukiwa upande wa kuuza, useme kweli. Mwenye kujua kwamba kitabu ni chapa ya saba akakiuza kama ya kwanza ameiba, hata kama mnunuzi ni tajiri. Na mwenye kujua kwamba ni ya kwanza, akamlipa bibi mjane bei ya karatasi za karanga, naye ameiba vile vile.

Leo jioni, kazi zikiisha, literemsheni lile sanduku. Mtoto anayesoma vizuri ashike taa, mwingine ashike kalamu, na mzee wa nyumba afungue kitabu cha kwanza. Geuzeni ukurasa wa jina, msome pamoja.